Maandazi Yaliyolala na Moto Uliosalia



Katika nyumba nyingi za Unguja, mjini na shamba, maandazi hukaangwa alfajiri kwa ajili ya chai. Yakiwa moto hugombewa, hata mtoto aliyeamka mwisho hulia kwamba hakuachiwa. Lakini yakizidi haja ya siku ile, yakalala mpaka kesho yake, huwa magumu, na yule yule aliyeyalilia jana huyasukuma kando leo. Hapo mwenye jiko hufanya moja katika mambo matatu: ama huyatupa jaani, ama huwapa kuku, ama huyaweka mpaka mnyonge abishe hodi, ampe huyo. La kwanza ni hasara. La pili lina udhuru. La tatu ni aibu, maana kumpa mwenzako kitu usichokitaka wewe si sadaka, bali ni kujiondolea taka. Leo twataka kuwaeleza jambo la nne, nalo ni kuyapika maandazi yale upya yawe pudini, chakula ambacho hata mgeni wa heshima atakifurahia.

Pengine mtu atasema, Maandazi manne au matano ni kitu gani? Basi na tukumbuke kwamba ngano hailimwi katika kisiwa chetu. Unga wote tuukandao huvuka bahari, na bahari haina ahadi na mtu. Mwaka 1942, Wajapani walipoiteka Burma, mchele uliozoea kuja kutoka huko ulikatika, na watu wa Unguja wakajua maana ya kutegemea meli. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipandisha bei ya ngano duniani kote. Na katika mwaka huo huo, kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa, chakula kilichotupwa duniani kilizidi tani bilioni 1, na sehemu kubwa kuliko zote haikutupwa na wenye maduka wala na wenye hoteli, bali ilitupwa majumbani, yaani na watu kama sisi, kidogo kidogo, leo andazi moja na kesho andazi moja. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha hasara hujaa vivyo hivyo.

Tena sisi tunao mfano ulio mkubwa kuliko hesabu zote. Bwana wetu alipowalisha watu 5,000 kwa mikate 5 ya shayiri na samaki 2, aliwaamuru wanafunzi wakusanye vipande vilivyosalia, vikajaa vikapu 12. Yeye aliyeweza kuzidisha mikate mbele ya macho yao hakuona haya kuokota makombo yake. Basi sisi tusioweza kuzidisha hata chembe moja ya unga, tutaona haya ya nini?

Lakini kuna akiba ya pili ambayo husahauliwa, nayo ni akiba ya moto. Mwenye kuokoa maandazi manne kwa kuteketeza mzigo wa kuni hakuokoa kitu. Ijapokuwa gesi imeingia katika majiko mengi, nyumba nyingi za kisiwa hiki zingali zapikia kuni na makaa, na miti ya Unguja si mingi. Ukitoka mjini kwenda kusini-mashariki, kiasi cha kilomita 35, wafika Jozani, msitu mkubwa kuliko yote iliyosalia kisiwani. Tangu mwaka 2004 msitu huo, pamoja na mikoko ya ghuba ya Chwaka, umekuwa Hifadhi ya Taifa. Kandokando yake wanakaa watu wa Pete, Kitogani, Ukongoroni, Charawe na vijiji vingine, nao wanahitaji kupika kila siku kama watu wote. Kila gunia la makaa lililookolewa jikoni ni mti uliobaki umesimama mahali fulani.

Na huko Jozani yuko mnyama awezaye kutufundisha. Kima punju, ambaye hapatikani popote duniani ila katika visiwa vya Zanzibar, ana desturi iliyowashangaza wataalamu: hula makaa. Huyaokota penye matanuri ya kuchomea makaa na kwenye visiki vilivyoungua. Wataalamu waliochunguza jambo hili hueleza kwamba majani ya mwembe na ya mkungu, ambayo kima hao huyapenda, yana dawa kali zinazoweza kulidhuru tumbo. Nayo makaa huzinasa dawa hizo, kima akapata chakula asichoweza kukila vema bila hayo. Tazameni basi: mabaki ya moto wa binadamu, aliyoyaacha kana kwamba hayana kazi, yamekuwa msaada wa chakula cha mnyama. Nasi tusishindwe na kima.

Hapa tuongeze onyo. Msiwatupie kima maandazi yaliyolala, hata wakiwasogelea barabarani. Tumbo la kima punju limeumbwa kwa majani, si kwa unga na sukari. Tena mnyama aliyezoea kulishwa na watu hukaribia njia ya magari, na maradhi huweza kupita kati yake na mtu. Mkate wa mtu uwe wa mtu.

Sasa na tuje kwenye pudini yenyewe. Chakula cha namna hii hakikuanza kwetu. Waingereza hupika mkate uliolala pamoja na maziwa na mayai tangu zamani sana. Wamisri wana chakula chao waitacho Umm Ali, cha mkate mwembamba na maziwa. Wahindi hukaanga vipande vya mkate wakavitia katika maziwa yenye sukari na iliki. Na Wamarekani hufanya pudini kwa donati zao zilizobaki. Sisi tuna tui la nazi, tuna viungo vya mashamba yetu, na tuna ujuzi wa zamani wa kupalia makaa juu ya mfuniko, kama tupikavyo mkate wa kumimina. Basi hatukosi kitu.

Twaeni maandazi 8 ya kiasi, yaliyolala siku moja. Ugumu wake usiwatishe. Wanga ulio ndani ya unga, ukikaa baada ya kupikwa, hujikaza. Lakini ukipata umajimaji na moto hulegea tena. Na andazi kavu hunywa tui vizuri kuliko andazi bichi, ambalo hurojeka likawa uji. Kateni kila andazi vipande vinne.

Kuneni nazi 2, mkamue tui vikombe 2, yaani nusu lita, tui la kwanza na la pili kwa pamoja. Lipasheni tui moto hata likaribie kuwa vuguvugu, lisichemke. Pigeni mayai 3 kwa uma, mtie sukari vijiko 3 vya chakula tu, kwa kuwa maandazi yana sukari yake. Tena chumvi kidogo, iliki iliyopondwa kijiko kidogo 1, na kungumanga iliyoparuzwa kidogo sana. Zabibu kavu zikiwapo, tieni ukufi mmoja. Zisipokuwapo, msizinunue kwa ajili ya jambo hili. Kisha mimineni tui juu ya mayai polepole huku mkikoroga, ili mayai yasishikane. Samli haihitajiwi, kwani maandazi yamekwisha kunywa mafuta siku ya kwanza.

Pakeni mafuta kidogo ndani ya sufuria nzito yenye mfuniko bapa. Pangeni vipande, mmimine tui juu yake, mvikandamize kwa mwiko vipate kulowa, mkaviache dakika 20. Hiki ndicho kipindi cha kula chakula cha jioni. Mkiisha kula, moto uliopika wali ungali hai. Msiwashe moto mwingine. Acheni makaa machache chini, na yaliyo mengi yawekeni juu ya mfuniko. Maana makaa yakizidi chini, pudini huungua kitako na mayai hukatika yakatoa maji. Moto ukififia ongezeni makaa mawili matatu. Baada ya dakika 40 hivi, ondoeni makaa ya juu na jivu lake kwa uangalifu, mfunue, mchome kijiti katikati. Kikitoka bila tui bichi, pudini imeiva. Iacheni itulie kidogo kabla ya kuikata.

Mambo matatu yashikeni. Kwanza, andazi lililoota ukungu msilitumie, wala msikwangue ukungu mkadhani limesafika. Nyuzi zake huingia ndani zisikoonekana, na kulihifadhi hilo si akiba bali ni hatari. Pili, tui huchacha upesi katika joto letu. Kamueni siku ile ile, na pudini iliwe usiku ule, na ikibaki iwekwe penye baridi, iliwe kesho yake asubuhi, isipite hapo. Tatu, mayai yaive kabisa, hasa kama wako watoto wadogo au mama mjamzito.

Na sasa neno la mwisho kuhusu mabaki. Nabii Malaki aliwakemea makuhani waliomtolea Mungu wanyama vipofu na vilema, akawauliza kama wangethubutu kumpelekea liwali wao zawadi ya namna hiyo. Kipimo hicho chafaa jikoni. Andazi kavu hatuthubutu kuliweka mbele ya askofu. Basi tusiliweke mbele ya mjane. Lakini pudini hii twaweza kuiweka mbele ya wote wawili bila kuinamisha uso. Ndiyo tofauti ya ubahili na uwekevu. Bahili huhifadhi ili asitoe. Mwekevu huhifadhi ili apate cha kutoa. Unga ule ule, moto ule ule, ila nia mbili. Kateni sahani moja kwa jirani kabla hamjaanza kula, naye akiwa Mwislamu mpelekeeni vivyo hivyo, kwani majirani zetu hawatusahau sahani zao wakati wa futari.

Nanyi walimu, msidhani kwamba jambo hili halistahili darasa. Katika shule ya wasichana ya Mbweni, aliyoiongoza Bibi Caroline Thackeray tangu mwaka 1877, masomo ya kitabu na kazi za mikono vilikwenda pamoja. Wapeni watoto hesabu hii: wahesabu kwa juma moja maandazi na mikate inayotupwa nyumbani kwao, waizidishe kwa majuma 52, kisha kwa idadi ya nyumba za mtaa wao. Jibu watakalolipata litawafundisha kuliko maonyo yetu mengi. Tena wavulana wasiambiwe kwamba jiko ni la dada zao tu. Mwanamume ajuaye gharama ya andazi hataitupa kazi ya mkewe jaani.

Basi, jioni hii, kabla ya kumwagia makaa maji, tazameni ndani ya kikapu mwone kilichosalia.