Mtoto wa Mbwa Atafunaye Vitu: Ficha Chako, Mpe Chake

Ndugu mkulima wa Likoni, Kisauni au Changamwe, umepata mtoto wa mbwa ili akue akulindie shamba. Mwezi wa kwanza watoto walifurahi. Sasa ndara zako zimekatwa kanda, kamba ya mbuzi imetafunwa na mbuzi yumo katika mahindi ya jirani. Wasema, "Mbwa huyu mwovu, nitamtupa." Ngoja kwanza, soma habari hii.

Si uovu, ni meno. Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utotoni. Afikapo miezi mitatu au minne huanza kung'oka, na baadaye huwa na meno 42 ya ukubwani. Kazi hiyo humalizika akaribiapo miezi saba. Muda huo ufizi humwuma, naye hutafuna apate nafuu. Hata akiisha kuota meno, akifungwa mchana kutwa bila kazi atatafuna kwa uchovu wa kukaa bure.

Fimbo haisaidii. Ukirudi kutoka shambani ukampiga kwa ajili ya kiatu alichotafuna asubuhi, hajui kosa lake. Ajua tu kwamba ukirudi, fimbo yaja. Atakuwa mwoga, na mbwa mwoga huuma watu.

Yafaa ufanye hivi:

1. Ficha chako. Viatu na kamba viwekwe juu. Sumu ya panya, dawa ya kuogeshea mifugo na makopo yake vifungiwe kabisa, kwa maana hapo hasara si kiatu tena, ni mbwa mwenyewe. Waislamu wajua kuwa kilicholowa mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Basi mswala usiachwe chini, na mbwa awe na banda lake nje.

2. Mpe chake. Karoti mbichi yafaa, au kamba nene yenye fundo kubwa. Kamba ikianza kufumuka itupe, kwani nyuzi zikimezwa huziba matumbo. Usimpe mfupa uliopikwa. Hupasuka vipande vikali. Wala usimpe kiatu kikuukuu, maana hawezi kukitofautisha na kipya.

3. Mbadilishie. Ukimkuta na kitu chako, sema "Acha!" mara moja, mpe chake, na akikitafuna msifu. Msivutane.

4. Mchoshe. Zunguka naye mipaka ya shamba asubuhi na jioni. Atachoka, tena atajua mahali atakapolinda.

Na ukimtupa je? Mbwa aliyetupwa Mtongwe au Mwakirunge huungana na mbwa wazururao, na siku moja huenda akaumwa na mbwa mwenye kichaa. Ugonjwa huo ukiisha kujidhihirisha kwa mtu, ni kifo. Kenya imekusudia kukomesha vifo hivyo ifikapo mwaka 2030, na sehemu yako ni hii: mpeleke mbwa kwa Bwana Mifugo akiwa na miezi mitatu achanjwe, tena kila mwaka. Akikuuma ukatoka damu, hata katika mchezo, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali.

Samaki mkunje angali mbichi. Vumilia miezi hii michache ya meno, nawe utapata mlinzi wa miaka mingi.