Mtetemo na Mwitikio: Jinsi Daraja Linavyowajibu Wapitao

Utangulizi

Kila kilichoundwa, kiwe daraja, injini au uzi wa gitaa, hutetemeka kinaposukumwa. Jukumu la mhandisi ni kukadiria ukubwa wa mtetemo huo kabla haujaleta madhara. Makala haya yanafafanua jinsi makadirio hayo yanavyofanywa, kwa kurejelea daraja la Millennium jijini London.

Masafa na mwitikio

Masafa ni idadi ya mitetemo katika sekunde moja. Kila umbo lina masafa yake ya asili: ugumu ukizidi hutetemeka upesi, uzito ukizidi hutetemeka polepole. Lina pia ufifishaji, yaani uwezo wa kuumeza mtetemo hadi ukome.

Ili kuijua tabia ya umbo, mhandisi hulisukuma kwa nguvu inayojulikana katika masafa mbalimbali, kisha hupima msogeo. Msogeo ukigawanywa kwa nguvu katika kila masafa, hupatikana kanuni ya mwitikio. Baadaye, nguvu yoyote huchanganuliwa katika masafa yanayoiunda, mithili ya shairi linavyochanganuliwa katika mizani. Kila sehemu huzidishwa kwa mwitikio wake, na majibu yote hujumlishwa kwa kuzingatia jinsi kila moja linavyochelewa nyuma ya nguvu.

Tuseme nguvu iliyotulia hulisogeza umbo fulani milimita 1. Ikipigapiga kwa nusu ya masafa ya asili, msogeo huwa takriban milimita 1.3; kwa masafa maradufu, milimita 0.3 tu. Masafa yakilingana na ya asili, na ufifishaji ukiwa asilimia 1 ya kiwango ambacho kingezuia mtetemo kabisa, msogeo hufika milimita 50. Ufifishaji ukiongezwa hadi asilimia 20, msogeo hushuka hadi milimita 2.5.

Funzo la London

Daraja la Millennium lilifunguliwa tarehe 10 Juni 2000. Umati ulipolivuka, liliyumba kushoto na kulia, nalo likafungwa siku mbili baadaye. Atembeaye huisukuma sakafu kushoto na kulia takriban mara moja kwa sekunde, na baadhi ya masafa ya asili ya daraja yalikaribia kiwango hicho. Isitoshe, watu walipohisi mwendo walirekebisha hatua zao wasianguke, na hatua hizo zikauzidisha msukumo. Hesabu ya kawaida huchukulia kwamba nguvu haitegemei mwitikio. Hapa msukumaji naye alikuwa akisukumwa. Vifaa vya kuongeza ufifishaji vilifungwa, na daraja likafunguliwa tena Februari 2002.

Hitimisho

Neno 'mwitikio' limetokana na kuitika. Mwanafunzi wa fasihi simulizi anajua kwamba fanani huita, hadhira huitika, na itikio hilo humbadilisha fanani mwenyewe. Ndivyo lilivyokuwa daraja na wapitao. Lugha iliyo na neno hilo haina budi kutumiwa kueleza sayansi, kwani maisha ya wavukao madaraja hutegemea hesabu hizi.