Tantalamu: metali isiyokunywa, sasa inanyweshwa dawa

Huko Rubaya, katika teritware ya Masisi, wachimbaji hutoa ardhini jiwe jeusi, zito, tunaloliita koltani. Kwamba linaishia kwenye simu, kila mtu Goma anajua. Kinachojulikana kidogo ni kwamba metali iliyomo, tantalamu, inachunguzwa pia kama chombo cha kubebea dawa mwilini.

Jina lake linatuhusu sisi watu wa lugha. Mwaka 1802 Mswidi Anders Gustaf Ekeberg aliitambua metali hii, akaona kwamba hata ikitiwa katika asidi hainywi kitu. Akakumbuka Tantalus wa hadithi za Wagiriki, aliyesimama majini asiweze kunywa. Leo wataalamu wamegeuza kisa: wanatengeneza oksidi ya tantalamu yenye matundu, ili inywe dawa.

Tazama jiwe la Nyiragongo tunalojengea kuta zetu. Gesi ilinaswa ndani lava ilipopoa, yakabaki matundu. Ya maabara ni madogo mno: nanomita 2 hadi 50, na nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Hayatokani na gesi. Molekuli za aina ya sabuni hujipanga zenyewe, oksidi huganda kuzizunguka, kisha sabuni huchomwa au kuoshwa. Silika ya namna hii, iliyotangazwa na watafiti wa kampuni ya Mobil mwaka 1992, inaweza kuwa na uso wa mita za mraba 1,000 hivi katika gramu moja; gramu saba, uwanja wa mpira. Mwaka 2001 watafiti wa Hispania waliipakia ibuprofeni, ikaiachia polepole.

Basi kwa nini tantalamu, ilhali silika ni mchanga tu? Kwa sababu ya picha. Atomu yake ina protoni 73, ya iodini inayodungwa wagonjwa kabla ya skana ina 53. Kwa hiyo tantalamu huzuia mionzi vizuri zaidi, nayo huonekana wazi. Chembe moja hubeba dawa na kuonyesha ilipofika. Mlango wa matundu unaweza kuundwa ufunguke penye asidi zaidi, kama ndani ya uvimbe wa saratani. Majaribio haya yamefanywa hasa kwa panya.

Tuyaiteje matundu hayo? Wengine watapenda «vinyweleo», neno la ngozi, na kweli sikio linasikia «kunywa» ndani yake. Mimi nachagua «vitundu»: mama wa Masisi ataelewa bila kamusi. Ila kosa kubwa zaidi liko kwenye neno «dawa». Mtangazaji wa redio akisema «koltani ni dawa ya saratani», kesho kuna atakayesaga jiwe na kuliuza sokoni. Aseme: koltani hutoa metali, metali hutengenezewa chombo, na dawa ni kile kilichopakiwa ndani.