Hitilafu Ijayo na Kuondoka

Hitilafu ya kudumu hutafutwa kwa utulivu. Ile ijayo na kuondoka ndiyo imchoshayo fundi. Chukulia kompyuta ya miaka ya 1980 yenye diski ngumu ya Seagate ST-225, ya megabaiti 20, iliyohifadhi alama za wanafunzi wa shule moja mjini Babati. Asubuhi ya Julai, baridi ikiwa imetanda chini ya Mlima Kwaraha, mashine hukataa kusoma. Ifikapo saa nne husoma bila kosa.

Ndani ya diski hiyo sahani huzunguka mara 3,600 kwa dakika, na kichwa cha kusomea husogezwa na mota iendayo kwa hatua zilizohesabiwa, isiyoweza kuhakikisha kuwa kichwa kimefika mahali pake. Metali hutanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi. Basi njia iliyochorwa mashine ikiwa moto huweza kukosewa kidogo ikiwa baridi.

Hata hivyo, dhana si uthibitisho. Kwanza, mashine isomapo vema, kumbukumbu zote zinakiliwe kwenye disketi. Kisha jambo moja moja lijaribiwe: mashine iachwe iwake nusu saa, umeme ukizimwa, viungio vya nyaya vikazwe, volteji ipimwe. Kosa likifuata joto peke yake, njia zote zichorwe upya mashine ikiwa imepata joto la kazi, jambo lifutalo kila kilichomo.

Abadilishaye mambo matatu kwa pamoja huenda akaiponya mashine, lakini hatajua ni dawa ipi iliyoiponya.