Je, Wajua? Khan alimjuaje Chekov?

Katika filamu ya Star Trek ya mwaka 1982, adui Khan anamkazia macho Chekov, afisa wa chombo cha angani, na kusema kamwe hasahau sura. Mashabiki wakaguna: walikutana lini? Kipindi kilichomtambulisha Khan kilirushwa Februari 1967, ilhali Walter Koenig, aliyeigiza Chekov, alianza kuonekana Septemba mwaka huo, msimu wa pili.

Utetezi upo, tena ndani ya hadithi yenyewe. Tarehe ya nyota, yaani kalenda ya hadithi hiyo, ya kipindi cha "Catspaw", ambamo Chekov yuko kazini, ni 3018.2, ya kipindi cha Khan ni 3141.9, yaani ya baadaye. Kumbe alikuwa chomboni tayari, ila kamera haikumfikia. Koenig mwenyewe ametania kwamba Chekov alikawia chooni huku Khan akisubiri zamu mlangoni.

Klingon, jamii ya viumbe wa anga katika hadithi hiyohiyo, waliwatoa waandishi jasho zaidi. Mwaka 1967 walikuwa na paji laini la uso na rangi ya kupakwa tu, maana bajeti ilikuwa finyu. Filamu ya 1979 ikawaotesha matuta. Kwa nini?

Mwaka 1996, katika mfululizo wa Deep Space Nine, Worf, Klingon mwenye matuta, alirudishwa enzi za zamani akawakuta wenzake wa paji laini. Alipoulizwa, akajibu kwa mkato kwamba hayo hawayazungumzi na watu wa nje. Jibu tamu, na wangeishia hapo. Lakini mwaka 2005 mfululizo wa Enterprise ukatumia vipindi viwili kueleza: Klingon walijaribu kuunda askari bora kwa vinasaba vya binadamu walioboreshwa, jamii ileile ya Khan, kukazuka virusi, na matuta yakayeyuka.