Simu ya nyumbani ikikoroma, kosa huenda si la laini

Mkazi wa Milimani au Migosi mjini Kisumu anaposikia mkoromo katika simu ya mezani isiyo na waya, aghalabu huilaumu kampuni ya simu. Hata hivyo, laini huenda haina kosa.

Jaribio la kwanza ni jepesi. Kitako cha simu hiyo kichomolewe ukutani, na mahali pake ichomekwe simu ya kawaida yenye waya. Kelele zikiendelea, laini ndiyo mbovu. Mvua kubwa za ukanda wa Ziwa Victoria huweza kuingiza maji katika maungio ya nyaya. Zikikoma, tatizo huenda ni mawimbi.

Baadhi ya simu hizo hutumia masafa ya gigahezi 2.4, sawa na Wi-Fi na oveni ya maikrowevu. Dawa ni kukisogeza kitako mbali na vyombo hivyo.

Simu zilizotengenezewa soko la Marekani zina hatari nyingine. Zile zenye maandishi DECT 6.0 hutumia megahezi 1920 hadi 1930, ilhali za Ulaya hutumia 1880 hadi 1900. Nchini Kenya, megahezi 1920 hadi 1980 ndizo ambazo simu za mkononi za 3G hutumia kuufikia mnara. Kwa hivyo, zawadi ya jamaa aliye ng'ambo yaweza kusikika vyema nyumbani huku ikivuruga mawasiliano ya majirani, akiwemo anayeita ambulensi. Simu ya aina hiyo haifai kuwashwa kamwe.

Mnunuzi ahakikishe kwanza kwamba kifaa kimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.