Kisu Kipya cha Kazi Nzito: Tulivyokiona, na Namna ya Kuvuka Nacho Mpakani

Miongoni mwa vitu vinavyovuka mto Ruvuma kati ya Kilambo na Namoto, pamoja na vitenge, unga, samaki wakavu na vipuri vya pikipiki, siku hizi kimo kisu cha aina ambayo wengi wetu hatukuizoea. Ni kisu kisichokunjwa, kizito mkononi, chenye mgongo mnene na ala ngumu ya plastiki, na mara nyingi kimepakwa rangi nyeusi toka ncha hadi mpini. Wapo vijana wanaokiita kisu cha komando. Jina hilo halimsaidii mwenye kisu hata kidogo afikapo kwenye kizuizi cha barabarani, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuandikwa kwa makala hii. Sababu nyingine ni kwamba wakulima na wavuvi wametuuliza kama kisu chenyewe kinafaa, nasi tumeona ni haki yao kujibiwa.

Tuanze na muundo, maana humo ndimo tofauti ilimo. Kisu cha jikoni tulichokizoea kina ubapa mwembamba, na sehemu yake ya nyuma huingia kidogo tu ndani ya mpini wa mti, ikabanwa kwa nolea. Ukikitumia kupasulia kuni, mpini hulegea au hukatika. Kisu hiki kipya kimetengenezwa kwa kipande kimoja cha chuma kilichopita ndani ya mpini wote hadi mwisho, na vibao viwili vya mpini vimebanwa juu yake huku na huku kwa skrubu au ribiti. Hata vibao vikivunjika, mtu aweza kuuzungushia mkia ule kamba akaendelea na kazi. Unene wa mgongo nao si wa kawaida. Kisu cha KA-BAR cha Marekani kiitwacho Becker BK2, ambacho kimekuwa mfano wa aina hii, kina mgongo unaozidi milimita 6 na uzito unaokaribia nusu kilo, ilhali ubapa wake hauzidi sentimita 14. Wasweden wa Mora, ambao kwa miaka mingi walisifika kwa visu vyepesi, nao walitoa mwaka 2016 kisu kiitwacho Garberg, chenye chuma kilichopita mpini wote, ila mgongo wake ni milimita 3 na kidogo tu.

Jambo la pili ni feleji yenyewe. Visu hivi vimegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza ni la chuma chenye kaboni nyingi na kisicho na kromiamu ya kutosha kuzuia kutu. Huwa kigumu, hunoleka vizuri kwenye kinoo cha kawaida, lakini hushika kutu upesi. Kundi la pili ni la chuma kilichochanganywa na kromiamu, angalau sehemu 10 na nusu kwa kila 100, ambacho hustahimili maji. Kwa mtu wa bara uchaguzi ni mwepesi. Kwa sisi tunaoishi pwani, ambako upepo wenyewe una chumvi, chuma cha kundi la kwanza kisipofutwa na kupakwa mafuta huanza madoa mekundu baada ya usiku mmoja. Rangi nyeusi iliyopakwa husaidia, lakini haifiki kwenye makali, na hapo ndipo kutu huanzia. Mafuta ya nazi yanatosha kabisa kwa kazi hiyo; haihitajiki dawa ya kununua.

Wauzaji wengine humwekea mteja sumaku ili kumthibitishia kwamba chuma ni cha aina fulani. Jaribio hilo halina maana, kwa kuwa vyuma vya visu visivyoshika kutu, kwa sehemu kubwa, navyo hunaswa na sumaku. Jaribio la haki ni tupa. Chuma kilichopikwa na kupozwa ipasavyo huiteleza tupa karibu na makali. Chuma laini huliwa nayo mara moja. Mhunzi yeyote anayefua mapanga kwa springi kuukuu za lori analijua jaribio hili.

Kwa idhini ya mwenyewe, tulikijaribu kisu kimoja cha aina hiyo nyuma ya kituo, pamoja na seremala na mvuvi. Seremala alikiweka juu ya kipande cha kuni kikavu cha mkoko, akakigonga mgongo kwa gogo, na kuni ikapasuka katikati. Akarudia mara kadhaa, na makali hayakupinda. Kamba nene ya nailoni ya chombo ilikatika kwa mvuto mmoja. Hadi hapo tulikuwa tumeridhika. Kisha mvuvi akajaribu kupasua changu, na hapo sifa zikapungua, kwa sababu mgongo mnene huibana nyama na kuirarua badala ya kuiteleza. Kumenya muhogo kwacho ni adhabu. Akakirudisha kwa adabu, akatoa kisu chake chembamba, akamaliza kazi.

Mkulima naye asitarajie makubwa. Panga la kawaida lina mgongo wa milimita 2 hivi na urefu wa kufyeka, nalo hupinda kidogo linapopiga mti kisha likarudi. Kisu kizito ni kifupi, hakifyeki shamba wala hakikati mnazi. Mgema ana kotama, mchonga mpingo wa Kimakonde ana tezo na patasi, na kila chombo kati ya hivyo kimezaliwa na kazi yake. Kisu hiki kimezaliwa na kazi ya mtu aliye porini peke yake, aliyetakiwa kufanya yote kwa chombo kimoja. Kwa nahodha wa chombo, fundi wa barabara, mpima ardhi au askari wa wanyamapori, ni chombo kizuri. Kwa mwingine, kwa maoni yangu, ni fedha ambazo zingemnunulia panga jema na kisu cha samaki, na chenji ikabaki.

Sasa tuseme lile ambalo haliwezi kurukwa. Katika nchi nyingine kisu ni kisu tu. Katika wilaya yetu ya Palma na jirani zake, makali yana kumbukumbu. Tangu vituo vya polisi viliposhambuliwa Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017, panga limekuwa chombo cha mauaji mikononi mwa wahalifu. Mwishoni mwa Mei 2018 watu walikatwa vichwa Monjane, wilayani humu. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, upande wa Tanzania, kilivamiwa kutoka ng'ambo hii, na tarehe 24 Machi 2021 ukaja mji wa Palma wenyewe. Waliorudi vijijini baada ya hayo wamerudi na macho yaliyoona. Kijana anayeshuka mtumbwini akiwa na kisu cheusi kiunoni na suruali ya mabaka huenda ni fundi anayerudi nyumbani kwa mama yake, lakini mwanamke aliye kisimani hana njia ya kulijua hilo. Ataacha ndoo na kukimbia, na kijiji kizima kitamfuata porini. Naye kijana atakutana na watu wenye hofu kabla hajakutana na askari, na hiyo ndiyo hatari kubwa kuliko zote.

Sheria za pande zote mbili zinazingatia jambo hilohilo. Kireno huziita silaha za makali arma branca, yaani silaha nyeupe, na chombo cha kazi huweza kuhesabiwa silaha kulingana na mahali, wakati na namna kilivyobebwa. Upande wa Tanzania, Kanuni ya Adhabu inamtia hatiani mtu anayetembea na silaha hadharani pasipo sababu halali kwa namna ya kuwatia watu hofu. Panga begani asubuhi katika njia ya shambani halina swali. Panga hilohilo sokoni saa mbili usiku lina maswali mengi.

Kwa hiyo, anayevuka na kisu cha namna hii akifunge ndani ya mzigo, kikiwa katika ala, kimeviringishwa nguo au gazeti, wala asikivae kiunoni. Afikapo kwenye ukaguzi aseme kabla begi halijafunguliwa: "Afande, ndani mna kisu cha kazi." Maneno hayo machache hubadili mazungumzo yote. Asikitoe yeye mwenyewe. Amwachie askari akitoe. Akiombwa kukikabidhi, akitoe kikiwa ndani ya ala, mpini ukimwelekea anayepokea. Ajiandae kueleza kazi yake na anakokwenda, na kama ana barua ya mwajiri, ya chama cha wavuvi au ya kiongozi wa mtaa, aiweke karibu. Stakabadhi ya ununuzi nayo ina uzito, hasa kwa mwenye visu vingi vya kuuza, ambaye pia atapaswa kupita forodhani kama mfanyabiashara mwingine yeyote.

Haki ina upande wa pili, nami nausema nikiwa ndani ya sare. Askari anayo mamlaka ya kukagua na, akiwa na sababu, ya kukizuia kisu. Hana mamlaka ya kukichukua kwa kuwa amekipenda, na kisu hiki ni cha kupendeza. Kikizuiwa, mwananchi aombe maandishi yanayotaja siku, mahali, aina ya kisu na jina la aliyekipokea. Akinyimwa, asibishane pale kizuizini palipo na bunduki na wasiwasi. Aende kwa mkuu wa kituo siku hiyohiyo, au amtume mzee wa mtaa.

Na kikipotea, kiwe kimedondoka mtoni au kimeibwa nyumbani, tafadhali toa taarifa kituoni mapema, ukieleza rangi, urefu na alama yoyote iliyomo. Visu vya aina hii bado ni vichache hapa, na kila mtu kijijini anajua ni nani anacho. Kikiokotwa kesho mahali pabaya, jina litakalotajwa kwanza ni la aliyeonekana nacho jana.